Nipe Ile Ndogo

Bwana Nkwasibwe, usiniteremshie ile ya rafu ya juu,
ile yenye picha ya fahali anayecheka.
Mwaka jana uliniuzia hiyo hiyo.
Nikamdunga Gaaju siku tatu,
na siku ya nne tukamchimbia shimo
nyuma ya boma, pale miiba inapoanza.
Hakufa kwa kukosa dawa.
Alikufa amejaa dawa isiyo yake.

Leo nimekuja Rushere na namba.
Arobaini na moja nukta mbili:
binti yangu Kemirembe ndiye aliyeisoma,
kipimajoto kikiwa bado kimefungwa uzi
mkiani mwa ndama wa Bihogo.
Tezi chini ya sikio imetuna
kana kwamba nimemfichia yai la kanga ndani ya ngozi.
Macho yanalia. Kunyonya, mpaka abembelezwe.
Kupe niliomtoa sikioni, wale wa kahawia,
wamo humu ndani ya kiberiti; usikifungue juu ya mkate wako.
Kukohoa, bado. Nimewahi.
Kuwahi ni nusu ya dawa,
na nusu hiyo wewe huiuzi.

Jirani yangu Bamwine alikuja alfajiri na chuma cha moto.
"Babu zetu waliunguza tezi, na ng'ombe wakapona."
Nikamwuliza, wangapi?
Akanihesabia waliopona, kwa majina na rangi zao.
Waliokufa hakuwa na majina yao.
Nilimpa chai. Chuma kikapoa mlangoni.

Basi nionyeshe ya ndigana. Ndiyo, ile ndogo.
Bei yake naijua: mbuzi mmoja
na mguu wa mbuzi wa pili.
Mbuzi nimeshamuuza. Mguu niandikie deni.
Nisomee tarehe kwa sauti.
Na ilikaa wapi, kivulini, au hapo dirishani
jua la Nyabushozi linapopikia vumbi?
Usinipimie kwa jicho; ndama nimempima kwa utepe, kifua kizima.
Jicho langu ndilo lililotufikisha hapa.
Miaka miwili nilichanganya dawa ya kuogeshea kwa kukisia,
kifuniko kimoja palipotakiwa viwili,
ili chupa ifike Pasaka.
Chupa ilifika. Kupe nao walifika.
Walionjeshwa kidogo kidogo, wakazoea,
sasa wanaioga kama maharusi.

Nilipomtaja ndama wa pili
mkono wako ulikuwa umeshagusa chupa.
Ngoja, bwana.
Huyu wa Mayenje ana wiki mbili, anahara njano,
joto lake ni la kawaida, damu hamna.
Ngozi ya shingo nikiifinya inachelewa kurudi,
kama mtoto aliyetumwa dukani.
Huyu hana shida na rafu yako. Anadai maji:
maji yaliyochemka, yakapoa mpaka kiwiko kisishtuke,
chumvi kiasi, sukari, kijiko kile kile kila mara,
kidogo kidogo, kutwa na usiku,
na chuchu za mama yake asinyimwe.
Mama mkwe wangu alikuwa akiwanyima, ili tumbo lipumzike.
Lilipumzika kweli.
Akianza joto, akishindwa kusimama,
nitampigia daktari simu, sitakupigia wewe.
Usinune. Nipe na bomba jipya la sindano.

Usiku Kemirembe ameshika tochi, mimi nimeshika shingo.
Dawa ni nzito, inaingia polepole,
na ndama hana hata nguvu ya kunipiga teke.
Ningefurahi kupigwa.

Asubuhi: arobaini na nukta tano.
Jioni: arobaini kasoro kidogo.
Wa Mayenje amekojoa, na mimi nimecheka peke yangu zizini
kwa ajili ya mkojo.

Kemirembe anaandika namba kwa mkaa
ukutani jikoni, kila ndama na mstari wake.
Ameacha mstari mmoja wa juu mtupu,
ameandika jina tu: Gaaju.
Nikamwuliza, mbona huyu hana kitu?
Akasema, mama,
huyu hatukumpima.